Mpiga dawa wa Mbinga aliyezing'oa nyasi za mdogo wake

Egidi Kinunda ameinama, miguu ameitanua kwenye mteremko ambao mgeni angeukwea kwa mikono na magoti. Asubuhi hii ya mwishoni mwa Februari ukungu bado umelala kwenye mabonde ya Lihonga, kitongoji kilichopo milimani juu ya mji wa Mbinga. Anachukua nyasi kavu alizozifyeka wiki iliyopita, anazilaza mstari mmoja wa kushuka mlima na mwingine wa kukatiza, mpaka shamba lote linagawanyika miraba.

Nyuma yake anakuja mkewe, Scolastika, na jembe. Anachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi, shimo linabaki katikati, na juu ya matuta yanayolizunguka atapanda maharage. Hiyo ndiyo ngolo, kilimo cha Wamatengo kinachozuia mvua isiisombe milima yao. Mwanamume hupanga nyasi, mwanamke huzifukia. Hapa hata mtoto mdogo anaujua mpangilio huo, na Egidi anaujua kwa uchungu.

Scolastika anachimba taratibu kuliko wanawake wa mashamba ya jirani. Ana mimba ya miezi mitano, ya kwanza katika ndoa ya miaka tisa.

Kutoka shamba la chini zinapanda sauti. Tarsisi, mdogo wake Egidi, yuko huko na mkewe na watoto wao wanne. Mmoja anaimba, mwingine anakaripiwa kwa kukanyaga matuta. Egidi ananyanyuka, anawatazama, kisha anainama tena.

"Bado namwonea wivu," anasema bila kuulizwa. "Ukiandika gazetini kwamba umekwisha, utakuwa umewadanganya watu."

Egidi ana umri wa miaka 39. Kwa miaka mingi hakujulikana kwa nyasi bali kwa dawa. Alikuwa akibeba pampu mgongoni na kupulizia mikahawa ya watu, dhidi ya wadudu na dhidi ya chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni ikiwa bado changa mtini. Wakulima walimwita Egidi Pampu, naye jina hilo alilipenda. Msimu ukiwa mzuri alirudi nyumbani na karibu shilingi laki saba, na ndizo zilizoiezeka nyumba yake kwa bati wakati nyumba nyingi za jirani zilikuwa bado za nyasi.

Pampu yenyewe ilikuwa kuukuu. Kizibo kilikuwa kimekatika mpira, naye alikiziba kwa kipande cha mfuko wa nailoni. Kila alipoinama, dawa ilimtiririka mgongoni, ikashuka kiunoni na kuingia kwenye kaptula.

"Niliichukulia kama jasho," anasema. "Jioni nilinawa mikono na uso, nikala. Huko kwingine nani alikuwa anapafikiria?"

Hakuna aliyepafikiria, kwa sababu Egidi alikuwa na nguvu za kupanda mlima na pampu imejaa, na mtu mwenye nguvu namna hiyo hakuna anayemtilia shaka. Ila watoto hawakuja. Mwaka wa kwanza wa ndoa ulipita, wa pili ukapita. Tarsisi akaoa, na kabla vyombo vya harusi havijazoeleka jikoni, mkewe akajifungua binti, Hilda.

"Kuanzia siku hiyo akawa Baba Hilda," anasimulia Egidi. "Mimi mkubwa wake nikabaki Pampu. Tukienda kanisani, wao wanajaza benchi zima. Mimi na Scola tunakaa mwishoni na nafasi inabaki. Badala ya kusali nilikuwa navihesabu vichwa vya watoto wa mdogo wangu, na kila mwaka hesabu ilikuwa inaongezeka."

Alimwonea gere kwa kila kitu. Gere la mama yao, ambaye alikuwa akipitia kwa Tarsisi kwanza kila alipotoka sokoni. Gere la nguo ndogondogo zilizoanikwa uani. Gere hata la usingizi wa Tarsisi uliokatizwa na mtoto mwenye homa, na uchovu wake asubuhi yake. "Alikuwa akilalamika kwamba hajalala, nami moyoni nikasema, huyu ananiringia," anasema.

Scolastika ndiye aliyemsukuma kwenda hospitali mjini Mbinga. Mbegu zake zikatazamwa kwa darubini, na mtaalamu akamwambia ni nyingi na zinaogelea vizuri. Egidi alirudi Lihonga kifua mbele. Habari ambayo mwanamume mwingine angeificha, yeye aliitangaza kilabuni, kwa rafiki yake Ignatio na kila aliyekuwa na kikombe mkononi.

Kwa maneno hayo machache mzigo wote ulimwangukia mkewe. Egidi aliona ukimwangukia, na hakuuzuia.

"Wanawake walianza kunishauri mizizi," anasema Scolastika, bila kuacha kuchimba. "Wengine walinionea huruma mbele yangu na kunisema nyuma. Yeye alikuwa anasikia. Nikaenda kupimwa na mimi. Wakaniambia sina tatizo. Nikafikiri sasa tutapumua."

Hawakupumua. Katika kichwa cha Egidi jibu la pili lilikuwa baya kuliko lolote. "Nilijiuliza, kama shamba ni zima na mbegu ni nzima, basi kuna mtu anang'oa," anasema. Alianza kuamini kwamba Scolastika anazuia mimba kwa siri kwa kuwa moyo wake uko kwingine. Na huko kwingine, wivu ulikuwa umeshakupata zamani. Ni shamba la chini, kwa Tarsisi.

Mambo yaliharibika Machi ya mwaka jana. Mvua zilikuwa zimezidi, chulebuni ikashika kasi, na Egidi akaitwa kupulizia mashamba makubwa upande wa Songea. Siku zikasogea. Nyasi alizokuwa amezifyeka kabla ya kuondoka zilikauka zikiwa mafungu, na bila kupangwa Scolastika asingeweza kuchimba hata shimo moja. Msimu wa maharage ulikuwa unamponyoka.

Alimwomba shemeji yake. Tarsisi alikuja na kuzipanga nyasi zote, kisha akarudi kwake. Katika Lihonga hilo si jambo la kushangaza. Ndugu husaidiana, na mume aliyesafiri hurudi akashukuru.

Egidi aliporudi, kabla hajafika nyumbani, aliliona shamba lake kutoka ng'ambo ya bonde. Miraba ilikuwa imenyooka kuliko aliyowahi kuipanga yeye. Na mkewe alikuwa katikati yake, anafukia nyasi zilizolazwa na mkono wa Tarsisi.

"Sikuona msaada," anasema kwa sauti ya chini. "Niliona mke wangu anamfuata mwanamume mwingine mstari kwa mstari."

Alishuka, akatua pampu, akaanza kuzing'oa. Alifumua matuta yaliyokwisha kuchimbwa, akazivuta nyasi kutoka chini ya udongo na kuzitupa bondeni. Scolastika alimwita mara moja tu, kisha akabaki akimtazama. Watu wa mashamba ya jirani walisimama. Tarsisi alipanda mbio kutoka chini akidhani kuna nyoka, na Egidi akamwita mwizi mbele ya watu wote hao.

"Aliniuliza ameiba nini," anakumbuka Egidi. "Sikuweza kusema. Nilijua nikisema, nitakuwa nimemvua nguo mke wangu. Lakini kila mtu alikuwa ameshaelewa."

Mwaka huo hawakupanda maharage. Kesho yake Scolastika alifunga nguo zake, akateremka kwa mama yake Chiwanda, kusini kabisa mwa ufuko wa Ziwa Nyasa kuelekea mpaka wa Msumbiji. Hakusema atarudi lini.

Egidi alivumilia mpaka Pasaka, kisha akapiga moyo konde akateremka kumfuata. Mama mkwe wake, Walburga, mchuuzi wa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, alimpokea kando ya vichanja ambako samaki hao walikuwa wameanikwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kumchukua, au umekuja kumchunga?"

Egidi anasema swali hilo lilimkata maini. Alijitetea. Akasema yeye ni mzima, hospitali imethibitisha, mke ni mzima, basi aambiwe yeye afikirie nini. Mama huyo alimsikiliza huku akigeuza samaki. Kisha akamwambia kwamba kuna watafiti wamefika Mbamba Bay, wanatafuta wanaume wanaopulizia dawa mashambani, na kwamba wanachopima si kile kilichopimwa Mbinga.

"Mwanangu hapandi kwenda kwako mpaka upimwe," alisema. "Safari hii jibu usilipeleke kilabuni."

Kiongozi wa watafiti hao ni Dk. Hedwiga Nombo, mwanamke mpole asiyependa maneno makubwa. Nilipomtafuta kwa simu, alikubali kuzungumza kwa kuwa Egidi mwenyewe alimruhusu.

"Kila chembe ya mwili ina jeni zote, lakini haizitumii zote," ananieleza. "Baadhi zinafanya kazi, nyingine zimezimwa. Mbegu ya kiume inapotengenezwa, jeni fulani hufanya kazi kwa zamu yake, na zinaacha ujumbe ndani ya mbegu, ambao sisi tunauita RNA. Mbegu iliyokomaa husafiri na ujumbe huo mpaka kwenye yai. Tunaanza kuona kwamba baadhi yake unahusika katika siku za kwanza kabisa za mimba."

Na kipimo cha awali kilikuwa na kosa gani? "Halikuwepo kosa. Hospitali ilihesabu wasafiri na kutazama kama wanatembea. Haikufungua mizigo yao. Wanaume wawili wanaweza kuwa na mbegu sawa kwa idadi na kwa mwendo, mmoja akapata watoto na mwingine asipate."

Siku Egidi alipofika kwake Mbamba Bay, Dk. Hedwiga alimwambia jambo lililomfanya atamani kuondoka. Utafiti wao ulihitaji wanaume wawili wawili, wa familia moja na wanaoishi sehemu moja, mmoja mpiga dawa asiye na mtoto na mwingine asiyepiga dawa ambaye ana watoto. Akamuuliza kama ana ndugu.

"Nilitaka kusema sina," anakiri Egidi. "Mdomo ulishafunguka."

Lakini Scolastika alikuwa amekaa pembeni yake, amekuja kwa sharti la mama yake. Alikuwa anamsubiri aseme. Egidi aliona wazi kwamba akimkana ndugu yake pale, mke huyo harudi.

Kwa hiyo alipanda milima kwenda kumwomba aliyemwita mwizi. Tarsisi anaisimulia siku hiyo huku akijikaza asicheke.

"Kaka alisimama mlangoni kama mdai, kumbe ndiye mwombaji," anasema. "Akazunguka, akazungumzia mvua, akazungumzia bei ya kahawa. Mwisho akasema anachotaka. Nikamwacha amalize, halafu nikamwambia arudie, mke wangu asikie vizuri."

"Nikarudia," anasema Egidi.

"Akarudia. Nikamwambia aniombe radhi kwanza, akaniomba. Nami nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa namwonea kijicho kwa lile bati. Mvua ikinyesha, sisi tulikuwa tunawahamisha watoto kutoka kona moja kwenda nyingine, na kule juu kwake pakavu, hakuna hata mtoto wa kulowa. Nilijilaumu kwa kuwaza hivyo, lakini niliwaza."

Waliteremka pamoja kwa basi hadi Mbamba Bay, kila mmoja akitazama dirisha lake. Kwenye kituo cha watafiti kila mmoja alipewa kikopo na kuonyeshwa chumba. Tarsisi alitoka mapema, akaketi benchi la nje akisubiri. Egidi alichelewa.

"Hata kwa hilo alinitangulia," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka.

Majibu yalisomwa mbele ya wote wawili, kwa ridhaa yao. Idadi ilitajwa kwanza, na kwa idadi Egidi alimpita mdogo wake kwa mbali. Anasema alifurahi, akamgeukia Tarsisi ili amwone anavyopokea. Furaha hiyo haikudumu. Katika jeni walizokuwa wakizifuatilia, ujumbe uliokuwa mwingi kwenye mbegu za Tarsisi ulikuwa hafifu kwenye za Egidi, na baadhi yake haukuonekana kabisa.

"Nilikuwa na wingi mtupu," anasema Egidi. "Wachache wa mdogo wangu wameshiba maneno, wengi wangu wamefika mikono mitupu."

Dk. Hedwiga anasisitiza kwamba watu waliopimwa ni wachache na kwamba hawezi kuapa kuwa dawa ya mikahawa ndiyo iliyosababisha. "Inaweza kuwa dawa, inaweza kuwa jambo jingine tusilolijua," anasema. "Lakini mbegu mpya hutengenezwa kila siku, na huchukua kama miezi miwili na nusu kukomaa. Nilimwambia aitue pampu, tupime tena. Sikumwahidi mtoto."

Egidi aliitua pampu. Halikuwa jambo dogo. Siku hizi anapanga nyasi za ngolo kwa wajane na kupogoa mikahawa ya watu, na kwa mwaka mzima hapati hata nusu ya kile alichokuwa akikipata kwa msimu mmoja wa dawa. Scolastika alirudi Juni, wakati wa kuchuma kahawa. Kipimo cha pili, mwezi Septemba, kilionyesha kwamba sehemu ya ujumbe uliokuwa hafifu imeongezeka. Sehemu nyingine ilikuwa vilevile.

Mnamo Desemba Scolastika alimwita ndani, akamwambia ana mimba.

Hapo Egidi anaacha kupanga nyasi. Anakaa kwenye tuta na kuutazama udongo, na mkewe anachimba kana kwamba hayupo.

"Nilimuuliza, Tarsisi anajua?" anasema.

Ndilo lililokuwa neno lake la kwanza baada ya miaka tisa ya kusubiri. Anasema alitaka kuuliza tu kama habari imeshafika kwa mdogo wake, lakini haraka anajisahihisha. Hapana, hakutaka kuuliza hivyo. Wivu ulikuwa umekaa mdomoni tangu zamani, na furaha ilipogonga mlango, ndio uliokwenda kufungua.

"Sikulia," anasema Scolastika. "Nilimwambia nimelala nyumba hii, kwenye kitanda hiki, tangu Juni. Nikamwambia kama anataka kumpima mtoto akizaliwa, ampime. Lakini siku atakayompeleka, mimi sitakuwepo atakaporudi."

Ignatio alikuwa ameshamwambia kwamba kuna kipimo kinachoonyesha baba wa mtoto. Egidi alimpigia simu Dk. Hedwiga, akaambiwa kwamba kweli kipo na kina utaratibu wake. Alikata simu, akakaa na jambo hilo moyoni. Krismasi ikaja ikapita, mikahawa ikaanza kuvimba buni, naye bado analigeuza.

Kilichomfikisha mahali pa kuamua ni sura. Egidi na Tarsisi ni watu wa uso mmoja; mama yao akiwaona kwa mbali shambani huita jina lolote, atakayeitika ndiye. Mtoto wa Egidi, akitoka kwa baba yake, atafanana na Tarsisi. Akitoka kwa Tarsisi, atafanana na Egidi. Jicho halitampa nafuu, na kipimo kitampa jibu huku kikimnyang'anya mke.

"Nikaona hakuna njia ya kuujua ukweli bila kumwamini aliyeniambia," anasema. "Ameniambia. Mengine ni wivu wangu, nao hauna ushahidi wowote zaidi ya nyasi zilizonyooka."

Mtoto anatarajiwa Julai. Egidi ana mpango, na ameshamweleza mdogo wake, ambaye alisita kwa siku kadhaa kabla ya kukubali. Tarsisi ndiye atakayekuwa baba wa ubatizo. Ndiye atakayemshika mtoto mikononi mbele ya padri.

"Aliniambia watu watasema," anaeleza Egidi. "Nikamwambia ndiyo maana nakutaka wewe. Watautazama uso wa mtoto, watautazama wa Tarsisi, watanigeukia mimi. Bora watazame mara moja, mchana, kanisa likiwa limejaa, kuliko kunitazamia pembeni maisha yangu yote."

Namuuliza kama anaamini wivu utakwisha siku hiyo.

"Hautakwisha. Nitakwenda nao kanisani."

Scolastika ameegemea mpini wa jembe. Amekuwa akisikiliza muda wote huo. "Mimi nimemwambia jambo moja," anasema. "Siku hiyo akinitazama kwa lile jicho lake la kuuliza, namchukua mtoto kutoka mikononi mwa shemeji na kuteremka Chiwanda, na mama hatamfungulia mlango."

Egidi anainuka, anapangusa udongo magotini.

"Sitamtazama yeye," anasema. "Wala Tarsisi. Nitamtazama mtoto."